La mmoja au la wote? Nani abebe kosa kwenye kikundi, biashara na mtaani

Kikundi chochote kikikaa kuandika katiba, kiwe cha mwani huko Micheweni, cha hisa mjini au cha vijana wenye boti ya kupeleka watalii Changuu, kuna kifungu kimoja kinachokwamisha kikao. Si kiingilio wala siku ya kukutana. Ni kile cha makosa: mwanachama akiharibu, nani abebe? Upande mmoja utasema kila mtu na lake. Upande wa pili utasema sisi kitu kimoja, tulibebe sote. Adhuhuri inakaribia, watu wanataka kwenda kusali, na hapo huandikwa kifungu cha kumridhisha kila mmoja: "mwanachama atawajibika kwa kushirikiana na kikundi". Vifungu vya namna hiyo vimejaa tele. Mambo yakiwa mazuri havidhuru. Siku pesa zimepungua, kila mtu hukisoma anavyotaka.

Nazipambanisha hapa njia hizo mbili kwa mambo yaliyo karibu yetu, ili anayeandika kifungu ajue anachagua nini. Msimamo wangu nausema mapema: hakuna njia moja inayofaa kwa kila kosa, na anayekwambia ipo hajawahi kushika daftari la watu.

Fardhi mbili tulizosoma chuo cha Kurani

Tofauti hii si ngeni kwetu. Fardhi ain iko juu ya kila shingo: sala tano huwezi kusaliwa na ndugu yako. Fardhi kifaya iko juu ya umma: maiti akisaliwa na baadhi, imewaondokea wote, asiposaliwa na yeyote, dhambi ni ya mji mzima.

Nusu ya kwanza ya kifaya tunaikumbuka sana. Ya pili tunaiacha msikitini. Mtaro ukiziba nyuma ya nyumba, kila mlango unajua na kila mlango unangojea wa pili utoe jembe. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, waliipima tabia hii. Waliwaweka watu chumbani wajaze fomu, kisha wakapenyeza moshi kupitia tundu ya ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kwenda kusema. Walipowekwa watatu watatu, wote hawajui kitu, ni asilimia 38 tu ya makundi ndimo alimotokea hata mmoja wa kunyanyuka. Na aliyekaa na wawili waliopangwa kujifanya hawauoni moshi, aliyetoka ni mmoja katika kumi. Moshi ule ule, macho mengi zaidi, wanaosema wachache zaidi.

Hiyo ndiyo hasara ya "sote". Hasara ya "kila mtu na lake" ni nyengine: hutafutwa aliye mnyonge, akabebeshwa.

Gunia lenye mwenyewe

Karafuu ndiyo mfano mwepesi wa dhamana ya mmoja. Kituoni mkulima anamwaga gunia lake, mpimaji anatia mkono mpaka chini, anaibuka na ngumi ya karafuu na kuifungua mbele ya mwenyewe. Anachukua moja, anaikunja kwa vidole. Kavu huvunjika na kutoa sauti. Isiyokauka hupinda tu. Anatazama kama kuna makonyo, yaani vikonyo, yaliyoachwa kusudi kuongeza uzito, anatazama mpeta, karafuu zilizoharibika, halafu anataja daraja. Mnunuzi halali ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kila gunia lina jina la mtu. Aliyechambua vizuri na kuanika juu ya jamvi anapata daraja lake, aliyefanya ujanja anaupata wake palepale. Hapa kusema "tubebe sote" ni kumwonea mwenye karafuu safi.

Lakini lifuateni gunia nyuma kidogo. Mchumaji analipwa kwa pishi, kwa hiyo anakimbilia wingi, na tawi likivunjika ni la mwenye shamba. Mwanikaji ni mtu mwengine, na mvua ya vuli haimngoji. Mwenye shamba pengine anakaa mjini na alifika siku ya kupima tu. Mizani inamhukumu yeye peke yake. Naona ni sawa, kwa sababu ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha malipo ya mchumaji na kununua majamvi. Ila asije akarudi nyumbani akamkata mwanikaji.

Mwani haufuati mtindo huo. Akina mama wengi huanika kila mmoja wake, kisha wakauza pamoja ili wapate sauti kwa mnunuzi. Mnunuzi akikuta mchanga au umajimaji katika gunia moja, hukata bei ya shehena nzima. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Dawa yake ni ndogo: kila gunia lifungwe mdomo kwa kipande cha kanga ya mwenyewe. Wanauza kwa pamoja, lakini mchanga una mtu wake. Ukiniuliza mimi, kitambaa kile kina kazi zaidi kuliko kurasa tatu za maadili ya kikundi.

Sasa chukua hasara ya aina nyengine katika mwani huo huo. Maji yanapopata joto, mashina huwa meupe, hulegea na kukatika. Koton, ule wenye bei nzuri, ndio ulioumia zaidi, na yako maeneo ya Unguja yaliyouacha kwa sababu hiyo. Hapo kitambaa cha kanga hakisaidii kitu. Mama ambaye kamba zake zimeangukia maji mapungufu hakumkosea mtu. Kikundi kikimwambia "kila mtu na lake", hicho si kikundi, ni foleni tu ya kumngojea mnunuzi.

Meli, mahali ambapo kila mmoja ana jibu

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikubaliwa abiria mia sita na kitu na ikachukua mara kadhaa ya idadi hiyo. Miili 203 ilipatikana, na ambao hawakuonekana walizidi elfu moja. Haukupita hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe.

Kila nikisikia watu wanajadili misiba ile, mazungumzo hugeuka kuwa kutafuta mtu. Nahodha? Angeweza kukataa kung'oa nanga. Tajiri wa meli? Mkata tiketi? Mkaguzi wa bandarini? Na wale waliopanda bila ya tiketi, na jamaa zao waliowapokea mizigo juu? Kila mmoja wao ana jibu, na kila jibu lina ukweli kidogo: mimi niliongeza watu wachache tu, kuzidisha kulikuwapo kabla yangu.

Waingereza walipambana na swali hili hili mahakamani, ndiyo maana nalitaja lao. Tarehe 6 Machi 1987 meli ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele iko wazi. Ikapinduka, wakafa watu 193. Baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani mwake. Ofisa aliyepaswa kuhakikisha hakuhakikisha. Nahodha hakuambiwa kitu, na utaratibu wao ulikuwa kwamba usipoambiwa kitu basi mambo ni salama. Huko nyuma manahodha wa kampuni walikuwa wameomba ziwekwe taa za kuonesha kama milango imefungwa. Wakubwa wakalichukulia jambo hilo kimzaha. Jaji aliyechunguza alisema ulegevu ulikuwa umeienea kampuni kutoka juu hadi chini. Lakini kampuni ilipofikishwa kortini, kesi ikaanguka mwaka 1990, kwa sababu sheria ya wakati ule ilitaka apatikane mkubwa mmoja ambaye makosa yote yamo kichwani mwake, naye hakupatikana. Kosa lilikuwa limegawanyika vipande vidogo vidogo, hakuna kipande kilichotosha kumfunga mtu. Ilichukua mpaka 2007 kupata sheria inayoweza kuishitaki kampuni yenyewe kwa vifo vya namna hiyo.

Somo la pande zote mbili limo humo. Dhamana ya mtu mmoja ilimwona baharia aliyelala na ingeishia kwake. Dhamana ya wote, bila ya chombo cha kuishika, haikumshika yeyote.

Kwetu, baada ya Skagit, waziri aliyesimamia miundombinu na mawasiliano, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Hakushika usukani wala hakukata tiketi. Wako waliosema hiyo ni siasa, na wako waliosema ingekuwa vyema wangemfuata na wengine. Mimi naliangalia kwa njia hii: kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na hadithi hiyo ya Mtume haikusema ataulizwa kwa alichokifanya kwa mkono wake tu. Kujiuzulu hakumalizi hesabu ya walio chini. Kunaweka tu jina moja mahali ambapo pangebaki neno "serikali".

Iko na hadithi nyengine, ya watu waliopiga kura ya kugawana nafasi katika jahazi, wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa upande wao wapate maji wasiwasumbue wa juu. Wakiachwa, wamezama wote. Wengi huisoma kama mawaidha kwa wa chini. Mie naona inawahusu zaidi wa juu, ambao ndio wenye maji na ndio wanaoweza kuwashika mkono wenzao.

Pale ambapo hakuna mkosa

Kuna madhara ambayo ukimtafuta mtu hutompata, kwa sababu hayupo. Mama anayeshuka pwani maji yakitoka, na chuma chake cha kuchokolea, akapata pweza mmoja wa kitoweo, hana kosa. Wenziwe hamsini vilevile. Lakini baada ya misimu miwili mitatu pweza wanaotoka ni wadogo, na hakuna wa kumshitaki.

Hapo dhamana ya wote ndiyo yenyewe. Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa kisha kuifungua kwa siku iliyotangazwa. Pweza umri wake ni mfupi na hukua mbio, kwa hiyo miezi mitatu tu inatosha mtu kuona tofauti kwa macho. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionesha katika utafiti wake kwamba watu wa pahala wanaweza kuitunza mali ya pamoja bila ya kuiuza wala kuikabidhi serikali, mradi mipaka ijulikane, waamuzi wawe wao, na adhabu ianze ndogo ikipanda. Wavuvi wanaolijua hili hawahitaji tuzo kulieleza. Ugumu unaanza usiku, kwenye doria, na kwa wageni wa dago, wavuvi wanaokuja kupiga kambi, ambao hawakukaa kikaoni. Kufunga kulikuwa ni kwa wote, lakini kulinda kunahitaji orodha: leo nani, kesho nani. Kamati isiyo na orodha hiyo imefunga mwamba kwa ajili ya wezi.

Magendo ya karafuu yanatoa mfano wa kinyume. Miaka mingi bei ya huku ilipokuwa chini kuliko ya Mombasa, karafuu za Pemba zilivuka usiku kwa mashua. Dola iliyaona ni makosa ya mtu mmoja mmoja: akikamatwa, achukuliwe mali yake. Vijiji vizima viliyaona ni riziki. Bei ilipopandishwa sana mwaka 2011, magendo yakapungua kuliko yalivyopunguzwa na doria. Simtetei mlanguzi. Nasema jambo likishakuwa mazoea ya kila mtu, kumkamata mmoja ni kumchagua kwa bahati nasibu.

Sanduku na mkopo

Vikundi vya hisa vilivyoingia Unguja na Pemba kupitia mradi wa shirika la misaada la CARE, kama JOSACA kwa watu wa upande wa Jozani na PESACA kwa Pemba, vilikuja na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu, watu watatu, nyumba tatu. Sanduku halifunguki mpaka wote wafike, na pesa zinahesabiwa kwa sauti mbele ya kikao. Napenda sana mpango huu kwa sababu haumtegemei mwaminifu. Mali ni ya wote, na kila ufunguo una mwenyewe. Ufunguo ukipotea, haulizwi "kikundi".

Mkopo ni hadithi tofauti, na hapa wengi huchagua vibaya. Benki ya Grameen ya Bangladesh, iliyoanzishwa na Muhammad Yunus, ilitangaa duniani kwa vikundi vya kudhaminiana: mmoja asipolipa, wenzake wanabanwa. Mpango huo ukaigwa kila pahala, na kwetu umefika. Kisichosemwa sana ni kwamba Grameen wenyewe waliuacha mpango wa kulipiana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na wachumi wawili, Xavier Giné na Dean Karlan, walipofuatilia benki moja ya Ufilipino iliyobadilisha vikundi vyake kutoka dhamana ya wote kwenda dhamana ya mmoja huku ikiacha mikutano iendelee, hawakuona watu wakizidi kushindwa kulipa. Kilichokuwa kikiwafanya watu walipe, inaelekea, ni kule kukutana na kuonana uso kwa uso. Kumlipisha jirani hakukuongeza kitu, na pahala padogo kama shehia zetu kunavunja undugu. Nimeona dada na wifi wamekatana salamu kwa deni ambalo hakuna kati yao aliyelikopa.

Kwa hiyo kwa mkopo wa mtu mmoja: dhamana yake mwenyewe, mikutano ya wote. Kwa mkopo wa chombo cha pamoja, boti au mashine ya kusaga mwani, wote wadaiwe.

Wanaofungua biashara kwa ubia wajue pia kwamba sheria huwachagulia wasipochagua. Katika ubia wa kawaida kila mshirika anaweza kudaiwa deni zima la biashara, hata lililoletwa na mwenzake. Kampuni ya hisa iliyosajiliwa husimamisha deni mlangoni mwa kampuni. Haisimamishi wizi.

Namna ya kuchagua

Wanavyuoni wa fikihi walilipitia swali hili zamani. Aliyeua kwa kukusudia, dhamana ni yake yeye, haimfuati ndugu wala ami. Aliyeua kwa bahati mbaya, diya, fidia ya damu, inabebwa na akila, jamaa zake wa kiumeni, tena kwa mafungu ya miaka mitatu ili isimvunje mtu. Wao walianza na moyo wa tendo kabla ya kuhesabu vichwa.

Nauchukua mpango huo moja kwa moja. Likiwa kusudi, mchanga ndani ya gunia, pesa za sanduku, tiketi iliyouzwa mara mbili, abebe mwenye mkono na jina lake lisomwe. Kikundi kisimlipie, maana kumlipia ni kuwafundisha wengine. Likiwa bahati mbaya, mwani umeoza, mashine imeungua, boti imepigwa na dhoruba, kikundi kibebe na kisiulize sana. Gumu ni la tatu, mazoea: kuzidisha abiria, kuvua kabla ya wakati, kutupa taka mtaroni kwa kuwa kila mtu anatupa. Humo hakuna kusudi kamili wala bahati mbaya kamili. Hapo badilisheni utaratibu kwanza, kisha wekeni jina la mtu mmoja kwa kila sehemu ya utaratibu: anayehesabu wanaopanda, anayetia saini, anayeweza kusema chombo hakiondoki. Asipofanya kazi hiyo, kosa lake limegeuka kusudi.

Na tajiri, au mwenyekiti, aandikiwe kifungu chake peke yake. "Sikujua" isikubaliwe kwa jambo ambalo kazi yake ilikuwa kulijua. Vikundi vingi huona haya kuandika hivyo, kwa sababu mwenyekiti ndiye aliyetoa ukumbi na soda.

Kimebaki kimoja ambacho husahauliwa karibu kila mara. Mwanachama akifa na mkopo wa kikundi shingoni, jamaa zake watasimama mbele ya jeneza na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwao. Kama ni dhamana ya mmoja, kikundi ni mdai kama wadai wengine na atalipwa kabla ya mirathi kugawiwa. Kama ni dhamana ya wote, kikundi kinaweza kulibeba au kulifuta. Liandikeni lipi mnalotaka siku ile ile ya katiba, na mtu wa kwenda kuzungumza na warithi atajwe kwa cheo, maana msibani kila mwanachama atamtazama mwenzake.